Kutoka Zizini hadi Kwenye Sindano: Namna ya Kutengeneza Uzi wa Sufu ya Kondoo wa Karibu na Kufuma kwa Pamoja

Kondoo wa sufu kwa kawaida hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka, na mmoja huweza kutoa kati ya kilo 2 na kilo 5 za sufu ambayo haijaoshwa. Kiasi hicho ni kikubwa kwa mtu mmoja anayesokota kwa mkono baada ya shughuli zake za kutwa, na ni kidogo kwa kiwanda, kwa sababu viwanda vingi havipokei mzigo usiofikia kilo kadhaa za sufu ya aina moja. Kwa hiyo mwongozo huu unawachukulia wafumaji kuwa ni kundi tangu hatua ya kwanza kabisa, yaani siku ya kwenda kwa mfugaji, na haungoji uzi uwe tayari ndipo uwakutanishe. Watu watano wanaogawana sufu ya kondoo watatu, beseni mbili na vifaa vya kuchambulia vya mkopo watafika mbali zaidi ya mtu mmoja mwenye karakana iliyokamilika.

Kuchagua kondoo

Swali la kwanza la kumuuliza mfugaji ni iwapo kondoo wake wana sufu au wana nywele. Aina kama Dorper, iliyozalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama, na kondoo wekundu wa Kimaasai, hazina sufu ya kusokotwa. Manyoya yao ni mafupi, yamechanganyika na nywele ngumu, na kwa sehemu kubwa hupukutika yenyewe. Hakuna ufundi utakaoyageuza kuwa uzi mzuri wa sweta.

Kondoo wenye sufu hutofautiana hasa kwa unene wa unyoya, ambao hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Sufu ya Merino kwa kawaida haizidi mikroni 24. Corriedale, aina iliyopatikana New Zealand katika karne ya 19 kwa kuzalisha Merino na Lincoln, ipo katikati, nayo ndiyo ningempendekezea anayeanza, kwa sababu unyoya wake ni mrefu kiasi, hautelezi kupita kiasi na haukatiki ovyo. Romney na Lincoln zina manyoya mazito, mara nyingi zaidi ya mikroni 30, na unyoya wa unene huo unapogusa shingo ncha yake haipindi bali huichoma ngozi. Hapo ndipo penye chanzo cha muwasho ambao watu wengi huudhani kuwa ni mzio wa sufu.

Hata hivyo, sufu nzito haipaswi kudharauliwa. Wafumaji wengi huuliza tu kama sufu ni laini, ilhali swali lenye manufaa ni sufu hii inafaa nini. Manyoya mazito ya Lincoln hutoa mazulia, mikoba na makoti ya nje yanayodumu miaka mingi, na sufu ya Suffolk, ambayo ni fupi na yenye kujaa hewa, haishikamani kwa urahisi inapooshwa, ndiyo maana hufaa sana kwa soksi. Kundi linalokwenda zizini likiwa na orodha ya vitu linavyotaka kufuma litachagua vizuri kuliko kundi linalotafuta ulaini peke yake.

Muulize mfugaji pia kondoo walipitishwa lini kwenye josho, na dawa gani ilitumika, kwa kuwa mabaki ya dawa hukaa kwenye mafuta ya sufu na humpata anayeiosha kwa mikono mitupu. Usichukue kamwe manyoya ya kondoo aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana. Kimeta huambukizwa kupitia manyoya, na katika karne ya 19 mjini Bradford, Uingereza, kiliwaua wafanyakazi wa viwandani kiasi cha kuitwa ugonjwa wa wachambuzi wa sufu. Sufu ya kondoo wenye afya waliokatwa manyoya wakiwa hai haina sababu ya kuogopwa, lakini glavu na kunawa mikono ni desturi ya lazima.

Siku ya kukata manyoya

Ubora wa uzi huamuliwa siku hii kuliko siku nyingine yoyote, na inafaa angalau wawili wa kundi wawepo zizini. Kondoo wawe wakavu, kwa sababu sufu iliyofungwa ikiwa na unyevu huvunda na kubadilika rangi. Sakafu ifagiliwe kila baada ya kondoo mmoja. Mkataji aombwe kwa upole asirudie kupitisha mkasi au mashine mahali alipokwisha kukata, kwani kurudia huko huzalisha vipande vya nusu sentimita ambavyo baadaye hubaki ndani ya sufu kama chuya katika mchele, na kila kimoja huwa kinundu kwenye uzi.

Sufu ya kondoo mmoja ikikatwa vizuri hutoka ikiwa imeshikana kama shuka moja. Itandazwe juu ya meza yenye matundu au wavu, upande uliokatwa ukiwa chini, kisha watu wazunguke meza na kuondoa kingo zote: manyoya ya tumboni, ya miguuni, ya kuzunguka mkia, na popote penye kinyesi kilichoganda au mbegu za majani. Wanaoanza huwa wabahili hapa. Ni afadhali kutupa robo nzima ya sufu kwenye shimo la mboji kuliko kuiosha, kuichambua na kuisokota sufu ambayo hakuna atakayetaka kuivaa. Kinachobaki kigawanywe kwa daraja, kwa maana sufu ya mabegani ndiyo bora, ya ubavuni huifuata, na ya mapajani ndiyo nzito zaidi.

Kabla ya kulipa, chomoa shungi moja, yaani kifungu kidogo cha manyoya yaliyoota pamoja, lishike ncha mbili, livute kwa nguvu karibu na sikio. Shungi zima hulia mlio mmoja wa kukaza. Lililo dhaifu hutoa sauti ya kukatikakatika, au huachana mahali pamoja. Udhaifu huo hutokana na kipindi ambacho kondoo aliugua, alinyonyesha akiwa na lishe duni au alipitia ukame, na sufu ya namna hiyo itaendelea kukatika kwenye kila hatua. Pima na urefu: shungi la sentimita 7 hadi 12 ndilo rahisi kwa anayejifunza kusokota.

Sufu ibebwe kwenye mifuko ya kitambaa au karatasi. Magunia ya plastiki yanayochanika huacha nyuzinyuzi zisizoonekana hadi siku sweta linapomalizika, na mifuko ya nailoni iliyofungwa huifanya sufu itoe jasho.

Kuosha bila kuiharibu

Sufu mbichi ina mafuta yanayoitwa lanolini, chumvi za jasho, vumbi na takataka, na vyote hivyo vikiondoka uzito hupungua kwa thuluthi moja hadi nusu, wakati mwingine zaidi kwa Merino. Kwa hiyo kundi ligawane sufu baada ya kuosha, wala si kabla. Anayegawiwa kilo moja chafu na anayegawiwa kilo moja safi hawakupata haki sawa, na urafiki umewahi kuvunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Anza kwa kuiloweka sufu usiku mzima katika maji ya baridi. Maji hayo huondoa vumbi na chumvi za jasho, ambazo zina potasiamu, hivyo yamwagwe bustanini. Kisha jaza beseni maji ya nyuzi joto 60 hadi 65, changanya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ya kutosha kuyafanya yateleze, na uizamishe sufu taratibu, kama nusu kilo kwa lita 20. Lanolini huyeyuka kwa joto la chini ya hapo, lakini maji yanapopoa hurudi na kuganda kwenye unyoya, na safari ya pili huwa ngumu zaidi kuitoa. Kwa sababu hiyo sufu isikae majini zaidi ya dakika 20 au 30. Itolewe ikiwa bado moto, ihamishiwe kwenye maji mengine ya sabuni yenye joto lile lile, kisha isuuzwe mara mbili au tatu katika maji ambayo hayajapoa sana.

Jambo la kuogopwa ni kuisugua. Uso wa kila unyoya una magamba madogo yanayopandana, na yanapokutana joto, sabuni na msuguano hunasana yasiachane tena, sufu ikageuka bonge zito. Kwa hiyo usifikiche, usikoroge, usiielekezee bomba linalomwaga maji kwa kasi, na usiitoe kwenye maji moto ukaiingiza ghafla kwenye baridi. Iminye kwa kiganja, izungushe ndani ya taulo, kisha ianike kivulini juu ya wavu. Magadi na sabuni kali za kufulia ziwekwe mbali, kwani alkali huila sufu. Maji machafu yenye mafuta yasimwagwe kwenye sinki: mafuta yakipoa huziba mabomba.

Kuchambua na kuchana

Sufu iliyokauka ifunguliwe kwanza kwa vidole, shungi baada ya shungi, huku mbegu na vumbi vikidondoka. Hii ni kazi ya polepole isiyohitaji ustadi wowote, na ndiyo inayofaa kuliko zote kufanywa na watu wengi wakiwa wameketi pamoja; anayejifunza leo huifanya sawasawa na mzoefu wa miaka mingi.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na uchaguzi kati yake ndio utakaoamua tabia ya uzi. Njia ya kwanza ni kutumia jozi ya mbao zenye meno madogo ya waya, ambazo huichambua sufu mpaka manyoya yakaelekea kila upande, kisha ikaviringishwa kuwa msokoto mwepesi uliojaa hewa. Uzi wake huwa mwepesi, wenye joto na unaofaa sweta na kofia. Njia ya pili ni kuichana kwa vitana vyenye meno marefu ya chuma, manyoya mafupi yakabaki kwenye meno na marefu yakalala sambamba. Uzi wake huwa laini, wenye kung'aa na imara, nao hufaa soksi na shali zenye mapambo ya matundu. Sufu fupi ichambuliwe, ndefu ichanwe. Kuilazimisha sufu fupi kwenye vitana ni kuigeuza takataka.

Kusokota

Kifaa cha bei nafuu na cha kufundishia ni pia, yaani kijiti chenye kisahani cha kukipa uzito, kisichozidi gramu 40 au 50 kwa anayeanza. Gurudumu la kusokotea huongeza kasi, lakini halifundishi chochote ambacho kijiti hicho hakifundishi, na kundi changa halina haja ya kulinunua mwaka wa kwanza.

Funga kipande cha uzi kwenye kijiti, ukishike pamoja na ncha ya sufu, na uizungushe pia kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kosa la kila anayeanza ni kutaka kuzungusha na kuvuta kwa wakati mmoja. Afadhali zungusha, kisha ibane pia katikati ya magoti isirudi nyuma, ndipo uivute sufu kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukiruhusu msokoto upande ndani ya manyoya yaliyokwisha kupunguzwa. Mikono ikae mbali kiasi cha kuzidi urefu wa shungi moja. Ikikaribiana zaidi, mikono yote miwili huwa imeshika manyoya yale yale na sufu haivutiki hata kidogo. Msokoto ukiwa mchache uzi huachana, ukizidi hujikunja na kuwa mgumu. Ili kujua ulipo, legeza kipande cha uzi ukiache kijikunje chenyewe, na umbo litakalojitokeza ndilo uzi wako utakavyokuwa ukiunganishwa mara mbili.

Uzi mmoja peke yake huvuta kitambaa upande, hivyo nyuzi mbili au tatu huunganishwa kwa kusokotwa pamoja kinyume cha mwelekeo wa kwanza. Ziache zipumzike usiku mmoja kabla ya kuziunganisha. Ukimaliza, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti kuwa shada, lifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi, liloweke katika maji ya vuguvugu, likung'ute kwa nguvu na ulitundike likauke. Shada linaloning'inia bila kujipinda lina msokoto uliolingana. Linalojipinda kidogo bado linafumika, na mafundi wengi huliacha hivyo.

Anayetaka rangi aichemshe sufu safi taratibu pamoja na shabu, ambayo huifanya rangi ishike, kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa sufu kavu, kisha aihamishie kwenye supu ya maganda ya vitunguu, ambayo hutoa rangi ya dhahabu hadi kahawia. Bizari ya manjano hutoa rangi ya kuvutia inayopauka upesi juani, na nili ina utaratibu wake tofauti kabisa usiohitaji shabu. Rangi asilia za kondoo wenyewe, nyeusi, kahawia na kijivu, hupuuzwa mno. Kondoo mweusi mmoja katika kundi jeupe hutosha kupata vivuli vingi vya kijivu kwa kuchanganya sufu wakati wa kuichambua.

Kuujua uzi kabla ya kuufuma

Uzi wa mkono hauna lebo, hivyo mwenyewe huiandika. Pima mzunguko wa shada, hesabu mizunguko, zidisha, kisha pima uzito; utapata mita kwa kila gramu 100. Kisha uzungushe uzi huo kwenye rula bila kuukaza: ukihesabu mizunguko kama 12 katika sentimita 2.5, sindano za milimita 4 ni mahali pazuri pa kuanzia. Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kioshe, kikaushe, ndipo uhesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati. Tofauti ndogo hapa si ndogo kwenye vazi. Kwa vitanzi 20 katika sentimita 10, vitanzi 200 hutoa upana wa sentimita 100; kwa vitanzi 22, vitanzi hivyo hivyo hutoa sentimita 91, na sweta halimwingii aliyekusudiwa.

Kwa uzi wa mkono tumia madonge mawili kwa kubadilishana kila mistari miwili, ili unene usiolingana usambae nguo nzima badala ya kujitokeza kama mkanda kifuani.

Maisha ya kundi

Kundi la wafumaji hudumu likiwa na siku isiyobadilika, mahali penye mwanga wa kutosha na viti vyenye migongo. Mengine hujipanga. Nisingeanza na katiba wala ada kubwa, ila vifaa vya pamoja viandikwe jina la anayevitunza, na kila sufu iliyonunuliwa iwe na kadi inayoonyesha kondoo aliyetoka, uzito kabla na baada ya kuosha, na shungi moja lililobanwa pembeni.

Sufu bora ya mabegani igawanywe kwa kura. Kuwaachia wazoefu wachague kwanza huonekana kama heshima, lakini matokeo yake ni kwamba wanaoanza hupata sufu ngumu kusokota, hushindwa, na hudhani hawana kipaji. Mwanafunzi apewe sufu nzuri kuliko ya mwalimu wake. Aketi kando ya mtu mwenye subira, mkono wake ukiwa upande ule ule, na anayetumia mkono wa kushoto aketi kumkabili mwalimu ili aone kila tendo kama kwenye kioo. Akikosea, afumue mwenyewe. Fundi anayemnyang'anya mtu sindano ili kumsaidia humfundisha jambo moja tu, kwamba kazi yake haimhusu.

Mafumo yenye mapambo ya kuhesabiwa yaachwe nyumbani. Kazi ya barazani ni soksi na mistari ya kawaida, vitu ambavyo mikono huvimaliza huku masikio yakiwa kwenye mazungumzo, na anayekuja kwa ajili ya mazungumzo tu apewe sufu ya kufungua kwa vidole. Kundi likizoeana, lijaribu kazi moja ya pamoja kwa siku moja: wengine wachambue, wengine wasokote, wengine waunganishe nyuzi na mmoja afume. Tarehe 25 Juni 1811 mjini Newbury, Uingereza, mwenye kiwanda John Coxeter alikatisha manyoya ya kondoo wawili alfajiri na kumkabidhi mmiliki wa ardhi Sir John Throckmorton koti lililokwisha kushonwa kabla ya jua kuzama, kwa muda wa saa 13 na dakika 20. Coxeter alikuwa na mafundi na mashine. Kundi la kawaida litaridhika na kofia. Siku ya kufuma hadharani, iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayoadhimishwa Juni katika nchi nyingi, ni nafasi nzuri ya kuifanya kazi hiyo mbele ya watu, na wafugaji wakaalikwa.

Wafugaji waalikwe kwa sababu ya kibiashara pia. Mahali pengi sufu mbichi haimlipi mfugaji hata gharama ya kumkatisha kondoo manyoya, hivyo hana sababu ya kuitunza. Kundi linalolipa zaidi kwa sufu safi iliyoondolewa kingo humpa sababu hiyo, lakini sharti limweleze linachotaka mapema. Miezi miwili au mitatu kabla ya msimu mpelekee zile kadi pamoja na kipande kilichofumwa kwa sufu ya kondoo wake, umwonyeshe sufu ipi ilikatika na ya kondoo yupi. Mbegu zilizojaa shingoni kwa kawaida zinatokana na hori lililoning'inizwa juu, majani yakawamwagikia kondoo wanapokula. Kulishusha hori ni kazi ya nusu saa. Mweleze pia ni kondoo gani mnawataka tena, kwa namba zao za masikioni, ili asiwauze kabla ya siku ya kukata manyoya.